Msanifu wa vifaa vidogo hawezi kukaa mbali na tanuri

Kila panapozungumzwa teknolojia hapa Visiwani, haupiti muda utasikia hoja hii: tuwasomeshe vijana kusanifu, kiwanda tuwaachie wenye viwanda. Ni hoja tamu. Zanzibar haina ardhi ya kuchezea, maji safi tunagombania, na umeme wetu unapita chini ya bahari kutoka Bara. Anayezungumzia kujenga Fumba kiwanda cha chipu, vile vipande vya silikoni vinavyoendesha simu na kompyuta, anaota mchana. Lakini kompyuta na programu ya kuchorea zinaenea chumba kimoja Mbweni au Tunguu. Kwa nini basi tusichore hapa, tukatuma mchoro Taiwan, tukaletewa kifaa?

Kwa chipu za hesabu, hoja hiyo ina msingi. Mwaka 1980 Carver Mead na Lynn Conway, huko Marekani, walionyesha kuwa mhandisi anaweza kusanifu chipu kwa kufuata kanuni chache za vipimo: mstari usipungue upana fulani, mistari miwili isikaribiane kupita kiasi fulani. Ukizitii kanuni hizo, huna haja ya kujua tanuri la kiwandani lina joto gani. Mwaka 1987 ikaanzishwa TSMC ya Taiwan, kampuni isiyouza chipu zake yenyewe bali inayowatengenezea wengine. Tangu hapo yamezuka makampuni makubwa yanayoishi kwa kusanifu tu, hayana hata tanuri moja.

Kosa linakuja pale hoja ya chipu za hesabu inapobandikwa kwenye mikroteknolojia nzima, yaani ufundi wa vifaa vidogo mno: vihisi vya kupimia mwendo au joto, maikrofoni, vioo vidogo vya projekta, vipimo vya maradhi vinavyotumia tone moja la damu. Huko haishiki, na tukiijengea mitaala na bajeti tutakuja kupata wasanifu ambao michoro yao haitengenezeki.

Sababu iko ndani ya kifaa chenyewe. Transista, swichi ndogo iliyomo ndani ya chipu, haisogei. Kazi yake ni kupitisha umeme au kuuzuia, na ikiwa na kasoro ndogo bado itatoa sifuri au moja. Kihisi kinachoijulisha simu kwamba imegeuzwa ni kitu cha namna nyengine kabisa: ni uzito mdogo wa silikoni ulioning'inizwa kwa springi nyembamba kuliko unywele, na simu inapoinama ule uzito unasogea kidogo. Springi haina sifuri na moja. Upana wake, unene wake, mvutano uliobaki ndani yake baada ya kupoa, vyote vinaingia moja kwa moja katika jibu.

Tufanye hesabu moja. Ugumu wa springi ya aina hii unafuata mchemraba wa upana wake, yaani upana mara upana mara upana. Msanifu kachora springi ya mikromita 2 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Kiwandani gesi inayochonga silikoni imekula mikromita 0.1 zaidi kila upande, kitu ambacho hakuna jicho litakaloona. Imebaki 1.8, yaani upana umepungua kwa asilimia 10. Ugumu lakini umeshuka kwa asilimia 27, na kasi ya mtetemo wa asili wa kifaa imeshuka kwa karibu asilimia 15. Kihisi kilichotakiwa kwa ajili ya mfuko wa hewa wa gari sasa ni kihisi cha kitu chengine. Dawa yake ni rahisi: chora 2.2 ili upate 2. Ila nani atamwambia msanifu kuwa ni 2.2 na si 2.3? Namba hiyo haimo kwenye kitabu chochote. Imo kwenye mashine ile, kwa gesi ile, kwa kina kile cha uchongaji, na anayeijua ni aliyesimama mbele ya mashine.

Tena gesi yenyewe haili sawasawa. Njia inayotumika sana kuchonga mifereji mirefu ndani ya silikoni ilitoka kampuni ya Bosch, Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa kazi ya Franz Lärmer na Andrea Schilp. Gesi moja inakula silikoni kwa sekunde chache, nyengine inazipaka kuta utando wa kinga, kisha ile ya kwanza inarudi, na hivyo hivyo mamia ya mara. Mfereji finyu unachimbika polepole kuliko mpana, kwa sababu gesi inaingia na kutoka humo kwa taabu. Ukichora springi mbili zinazofanana, moja penye uwazi mpana na nyengine penye uwazi finyu, zitatoka tofauti. Msanifu anayejua hili huweka vijiti vya bure kando ya springi, visivyo na kazi yoyote ila kuufanya uwazi uwe mmoja kila mahali. Ukimwonesha mchoro huo mtu asiyejua kiwanda atakwambia umejaza takataka.

Wanaoshona kofia za viua wanaishi na jambo hili kila siku. Anayechora ua kwenye kitambaa mara nyingi siye anayeshona, lakini sindano imo ndani ya mchoro wake: hawezi kuvisogeza viua viwili mpaka kitambaa kilicho baina yao kikabaki uzi mtupu, anajua kitachanika. Na akijisahau, mshonaji atamrudishia siku ile ile pamoja na maneno mawili matatu. Katika mikroteknolojia mchoraji na mshonaji wako mabara mawili, na habari za kitambaa kuchanika zinafika baada ya miezi, zikiwa zimepoa, katika ripoti ambayo mara nyingi kiwanda kimeficha nusu yake kwa kuwa ni siri ya biashara.

Mfano ninaoupenda kuliko yote umo kwenye projekta za kumbi za mikutano. Mwaka 1987 Larry Hornbeck wa kampuni ya Texas Instruments, Marekani, alibuni chipu iliyofunikwa kwa vioo vidogo vidogo, kila kimoja kikiwa na upana wa mikromita 16 hivi, kinachoinama nyuzi 10 upande huu au ule na kurusha mwanga ukutani au pembeni. Chini ya kila kioo mna kumbukumbu ya umeme inayokiamuru kiiname wapi. Sasa angalia yaliyofuata. Kumbukumbu zile zinatengenezwa mwanzo, na nyaya zake ni za alumini. Alumini inayeyuka kwenye nyuzijoto 660. Silikoni ambayo wengine wanaitumia kutengenezea viungo vinavyosogea inataka tanuri la joto kupita hapo, hata nyuzijoto 1,000, ili mvutano wake ulegee. Ukiiingiza chipu ile katika tanuri hilo, umeiua kabla hujafika kwenye kioo. Kwa hiyo vioo havikuwa na njia ila kuwa vya alumini, vilivyotandazwa kwa joto dogo.

Haikuishia hapo. Ili kioo kipate nafasi ya kuinama, kinajengwa juu ya tabaka la muda ambalo baadaye huondolewa. Kwengine tabaka hilo huondolewa kwa asidi, kisha kifaa kinaoshwa na kukaushwa, na hapo ndipo vifaa vingi vidogo vinapokufa: maji yanapokauka yanavivuta viungo chini, vikagandana na sakafu na visinyanyuke tena. Hapa tabaka la muda lilikuwa la plastiki ile ile inayotumika kuhamishia michoro, likaondolewa kwa gesi iliyochajiwa umeme, bila ya maji. Joto dogo lililolazimishwa na alumini likafungua mlango wa ukaushaji salama. Kisha alumini nayo ikadai haki yake. Bawaba ya alumini iliyolaliwa upande mmoja kwa muda mrefu inazoea kulala huko, kama kwamba ina kumbukumbu yake. Ikabidi aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ibadilishwe, vioo vipakwe kilainishi chembamba sana ili visinate, na kasha lifungwe kwa namna ya kukihifadhi kilainishi hicho. Projekta za kwanza ziliingia sokoni 1996.

Sasa niambie: kutumia alumini ulikuwa uamuzi wa usanifu au wa utengenezaji? Na kilainishi, tukiweke idara gani?

Hata pale ambapo makampuni mawili yanalenga bidhaa moja, tanuri linawatawanya. Kampuni ya Analog Devices ya Marekani walipotoa kihisi cha mifuko ya hewa ya magari mwanzoni mwa miaka ya 1990, tabaka lao la silikoni linalosogea lilikuwa na unene wa mikromita 2 tu. Tabaka jembamba hivyo linatoa ishara dhaifu mno ya umeme, kwa hiyo vikuza ishara ilibidi vikae pale pale ubavuni, kwenye kipande kimoja cha silikoni. Bosch wakatumia tabaka nene mara kadhaa zaidi. Ishara ikapata nguvu, umeme ukaweza kuhamishiwa chipu ya pili, na kila chipu ikatengenezwa katika kiwanda kinachoifaa. Gari halijui tofauti. Lakini michoro ya bidhaa hizo mbili haibadilishani hata mstari mmoja, na ndiyo maana wenye fani hii wamezoea kusema kila bidhaa ina mchakato wake.

Wapo watakaonijibu kuwa viko viwanda vinavyopokea michoro ya watu wengi kwa pamoja, kwa mchakato uliokwisha kupangwa. Ni kweli. Huduma ya namna hiyo iitwayo MUMPs ilianza Marekani katika miaka ya 1990, na wanafunzi wa dunia nzima wamejifunzia humo. Unapewa matabaka matatu ya silikoni, unene wake umeshakatwa, nawe unachora utakacho. Kwa kujifunza ni jambo zuri sana. Kwa kuuza, unabaki na vile tu ambavyo matabaka yale yanaruhusu, pamoja na wenzako wote wenye matabaka hayo hayo.

Kwa anayeona haya yote yako mbali, mafundi wa simu wa Darajani hawako mbali. Maikrofoni ya simu ya leo ni kisanduku cha bati kidogo kuliko punje ya mchele, chenye kitundu kama ncha ya pini. Nyuma ya kitundu kuna kiwambo cha silikoni. Fundi mzoefu anapochoma kwa bloa karibu na hapo anakiziba kitundu kwanza kwa utepe unaostahamili moto, na haelekezi hewa ya nguvu humo wala hamimini spiriti. Yule mwanafunzi wake mwenye haraka anaipuliza ili "kuisafisha", na mteja anarudi jioni analalamika kuwa watu hawamsikii.

Makampuni yanayouza maikrofoni hizo yanaandika jambo hilo hilo kwa lugha ya kiwanda: mashine ya kuokota isinyonye juu ya kitundu, bodi isioshwe baada ya kulehemiwa. Kwa maana nyengine, mchoro wa kisanduku kile unatoa amri hadi kwenye mstari wa kuunganishia simu. Na ukweli ni kuwa mstari huo ndio ulioipa maikrofoni hiyo soko. Maikrofoni za zamani zilishikilia chaji ya kudumu katika utando wake, na tanuri la kulehemu bila ya madini ya risasi, ambalo hufika karibu nyuzijoto 260, lingeipoteza chaji hiyo. Ilibidi ziwekwe baadaye, peke yake. Zile za silikoni zinapita tanurini pamoja na vipande vyengine vyote. Za mwanzo hazikuwa zinasikia vizuri kuliko za zamani. Zilichukua soko kwa sababu zilistahamili moto.

Kasha nalo lina visa vyake. Mwaka 2018, katika hospitali moja ya jimbo la Illinois, heliamu ilivuja wakati mashine ya MRI, ya kupigia picha za ndani ya mwili, ikiwekwa, na simu kadhaa za iPhone zikazima. Za kampuni nyengine ziliendelea kufanya kazi. Ndani ya iPhone hizo saa ya umeme ilikuwa kijiti cha silikoni kinachotetema ndani ya ombwe (nafasi isiyo na hewa), na heliamu, kwa udogo wa atomu zake, ilipenya ukuta wa kasha na kuliharibu ombwe. Baada ya siku chache heliamu ikatoka na simu nyingi zikazinduka. Hakuna mchoro wa kijiti ungeonesha hilo, maana jibu limo kwenye namna ukuta ule ulivyofungwa.

Basi kuunganisha usanifu na utengenezaji maana yake nini kivitendo? Si mkutano wa kila mwezi. Kwa wanaoifanya kazi hii vizuri, kwanza mchakato wenyewe unasanifiwa kama kifaa, sambamba na kifaa, na kila kimoja kinamrekebisha mwenzake. Pembezoni mwa kila kisahani cha silikoni, ambacho vifaa vingi huchongwa juu yake kwa pamoja, wanaweka vijiti vya majaribio vya upana na urefu mbalimbali, ambavyo havitauzwa kamwe. Kazi yake ni kupimwa: gesi imekula kiasi gani safari hii, utando umejikunja kwa mvutano gani. Vipimo hivyo vinarudi kwa msanifu vikiwa na wastani na mtawanyiko wake, kwa sababu springi inayofanya kazi kwa wastani tu itakufa katika nusu ya visahani. Na mfuatano wa hatua unaandikwa mahali pamoja, pakaguliwe kabla ya pesa kuchomwa: je, kuna hatua ya joto kali baada ya alumini? Kuna dhahabu inayoingia katika tanuri ambalo transista pia hupita, ambako chembe zake ni sumu? Chuo Kikuu cha Siegen, Ujerumani, kilifika hadi kutengeneza mifumo ya kompyuta ya kuhifadhi hatua hizo na kugundua zinazogongana. Kazi ya karani, mtu anaweza kusema. Ndiyo, na ni karani huyo anayeokoa miaka miwili.

Kwetu hapa, msimamo wangu ni kuwa tusianze na silikoni. Tuanze na karatasi.

Vipo vifaa vya mikroteknolojia vinavyotengenezwa kwa karatasi ya kuchujia na nta. George Whitesides na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walivipa umaarufu vifaa vya karatasi kuanzia 2007, na kuta za nta zikafuata baadaye. Unachora mifereji, unazungushia kuta zisizopitisha maji, na tone la maji au damu linajivuta lenyewe hadi kwenye kemikali inayobadilika rangi. Kuta za nta zinaweza kupigwa kwa skrini, ile ile ya kuchapia fulana. Ukishapiga, unaipasha moto karatasi ili nta izame hadi upande wa pili. Hapo ndipo somo linapoanza, kwa sababu nta haizami chini tu, inatambaa na pembeni. Mfereji uliochorwa milimita 2, nta ikitambaa milimita 0.4 kila upande, unabaki milimita 1.2. Ni hesabu ile ile ya springi, ila sasa inaonekana kwa macho na inapimwa kwa rula. Ukizidisha joto au muda, mfereji unaziba. Ukipunguza, nta haifiki chini na tone linavuja. Karatasi ya msimu wa Masika, iliyokwisha kunywa unyevu wa hewa yetu, haina sababu ya kutoa jibu sawa na ya Kaskazi, na mwanafunzi atalazimika kupima zote mbili.

Na matumizi yapo mlangoni. Visima vya pwani vinaingia chumvi, na mwenye kisima angependa kujua kabla ya kumwagilia mboga. Karatasi ya kupimia chumvi ni bidhaa anayoweza kuielewa mtu yeyote wa Makunduchi au Micheweni, na kosa lake linaonekana siku ile ile.

Baada ya karatasi, kasha. Silikoni ya kupimia joto la maji mashambani mwa mwani wa Paje na Jambiani inanunulika, na si ghali. Mwani wa cottonii umekuwa ukifa kwa maji kupata joto, kwa hiyo haja haina mjadala. Kinachobaki kusanifiwa na kutengenezwa hapa ni ganda lake: ukilizidisha unene, kihisi kinachelewa kulijua joto; ukilipunguza, chumvi inaingia. Kwa karafuu za Pemba kazi ni ngumu zaidi, maana kihisi cha unyevu hakifungiki, lazima kipumue, na kinachopumua kinavuta vumbi na mafuta ya karafuu pia. Hapo ndipo Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume, SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) na Taasisi ya Viwango Zanzibar zingekaa meza moja. Kampasi ya IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, iliyofunguliwa Bweleo mwaka 2023 ilianza na sayansi ya data na akili mnemba, na wengi wameuliza vifaa vinahusiana nini na hayo. Vinahusiana sana: mtawanyiko wa vipande mia vya nta ni data, na data ya namna hiyo haipakuliki intaneti, inatoka kwa aliyevitengeneza vipande hivyo kwa mkono wake.

Kwa silikoni, mzunguko mmoja wa kuchora, kutengeneza na kupima unakula miezi. Kwa karatasi na nta unaisha kabla ya adhuhuri. Mradi wa mwaka wa mwisho una nafasi ya kutosha kuuzungusha mara nyingi, kwa sharti moja la upande wa walimu: maksi zitolewe kwa mchoro wa pili na kuendelea, ule uliosahihishwa kwa vipimo, na jedwali la vipimo libandikwe ubavuni mwake. Mchoro wa kwanza, hata ukipendeza vipi, usihesabiwe.